Ndege Juu ya Meza ya Jumuiya

Siku hizi nikipanda ngazi za ofisini hupumzika katikati, lakini kwa ndege ya kuchezea naweza kuinama mpaka mgongo uniambie basi. Mbili zilikwisha kuanguka. Mke wangu, Mhehe wa Iringa asiyependa kurudia neno, alisema, "Ya tatu ikianguka, baba, meza yangu inarudi." Nilikubali. Mtu mwenye shahada mbili huamini vitabu vya maelekezo.

Wiki ile jumuiya ya kanisani ilikuwa inasali kwetu, mtaa wa Soweto. Meza ilisukumwa ukutani kupisha viti, ndege ikabaki juu yake, pua ikinitazama. Hapo ndipo nilipofunga servo, vile vimota vinavyovuta waya na kuinua vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa. Niliwasha rimoti kwanza ili kila mkono wa servo ukae katikati, nikakata waya, nikapima, nikakata tena. Gundi ilikataa kukauka. Baridi ya Mbeya haiheshimu gundi.

Wanajumuiya walipofika, bibi mmoja aliichungulia.

"Inabeba watu wangapi?"

"Hata mmoja, bibi."

"Sasa unahangaikia nini?"

Mke wangu alicheka kuliko ilivyohitajika. Kwenye maombi ya mwisho tuliombewa wote wawili, mimi na ndege.

Jumapili baada ya ibada tuliipeleka kwenye uwanja wa mpira, Mbalizi. Iliruka vizuri, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Ikainama kidogo kushoto. Nikairudisha kulia, ikazidi kulala kushoto. Nikakazana, kama mtu anayebishana huku akijua ameshashindwa, ikaingia ardhini kwa pua.

Nilielewa rimoti ikiwa bado mkononi. Servo nilizifunga mimi na ndege tukiwa tunatazamana: kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Kila kitabu kinasema simama nyuma ya mkia. Nyuma ya mkia kulikuwa na ukuta.

Mke wangu aliokota bawa.

"Hili ni kosa la jumuiya, kwa ajili yake meza ilikaa ukutani," nilisema.

"Mlaumu Mungu kabisa, umalize."

Nyumbani nilibandua gundi mezani kwa kisu, nikatia kila kitu kwenye boksi. Yeye alifuta meza, akatandika kitambaa, kisha akaivuta hadi katikati ya sebule na kuizunguka mara moja, taratibu.

"Hapa mtu anapita pande zote," alisema.

Sikuuliza mtu gani. Boksi nililokuwa napeleka stoo nikalisukuma chini ya meza.