Darasa la Pumzi la Daktari Pyo

Pyo Sun-ok alikuwa daktari wa kuwatia wagonjwa usingizi wa upasuaji katika hospitali moja ya Daegu, hadi alipostaafu na kuhamia kwa dada yake, katika mji wa Cheongdo. Ugonjwa mpya wa mapafu ulipoingia Daegu, mwishoni mwa majira ya baridi, mashine za kupumulia zilikuwepo; waliokosekana ni watu wa kuziendesha. Hospitali ikampigia simu.

"Umeshazeeka, mapafu yako yenyewe ya kubembeleza," dada yake alinung'unika. "Waachie vijana."

"Vijana wenyewe ni madaktari wa macho na wa ngozi," Sun-ok akajibu, akifunga begi. "Unataka wampulizie mgonjwa kwa mrija wa soda?"

Darasa lake la kuwafundisha mashine hizo lilikuwa katika chumba cha mikutano cha hospitali. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Maeng Ki-hwan, daktari wa macho aliyefunga kliniki yake na kuja kujitolea. Mtu wa masihara.

"Mwalimu, mimi nikikosea, mtu anabadilishiwa miwani. Hapa je?"

"Hapa nipo mimi. Kaa."

Aliwavalisha barakoa ya mashine mmoja mmoja, wapumue kwayo. Zamu ya Ki-hwan ilipofika, Sun-ok akaigeuza mipangilio ya mashine bila kumwambia. Kila Ki-hwan alipotaka kutoa pumzi, mashine ikamsukumia hewa. Macho yakamtoka, akaivua barakoa kwa nguvu.

"Mwalimu! Unataka kuniua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Sun-ok hakucheka.

"Wewe umeivua. Mgonjwa ana bomba kooni, hawezi. Kwa hiyo kengele ya mashine ikilia, mwangalie yeye kwanza, mashine baadaye. Kifua kinapanda? Pande zote mbili? Usipoelewa, mtoe kwenye mashine, mpulizie kwa mfuko wa kubonyeza kwa mkono, ita msaada."

Wakarudia na kurudia, mpaka chai ya shayiri ikapoa vikombeni.

Muda si mrefu Ki-hwan akakabidhiwa kitanda cha Bi Tak, mama anayeuza keki za mchele sokoni. Kwa umri wake, Sun-ok hakuruhusiwa kuingia wodini. Alikaa nyuma ya kioo, simu ikiwa karibu.

Asubuhi moja kengele ililia. Ki-hwan alipeleka mkono kwenye vitufe, akausitisha hewani, kisha akamgeukia mgonjwa. Kifua kilikuwa hakipandi. Akalichomoa bomba la mashine kutoka kwenye lile la kooni, akapachika hapo mfuko wa kupulizia, akabonyeza. Mfuko ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Dada Ban! Kuna kitu kimeziba. Tuvute!"

Nesi Ban akapitisha mrija wa kunyonya, yakatoka makohozi mazito kama gundi. Ki-hwan akabonyeza tena, na safari hii mfuko ukalegea, kifua kikainuka. Rangi ikamrudia Bi Tak midomoni.

Alipotoka, jasho likimchuruzika, Ki-hwan alimfuata mwalimu wake.

"Uliona yote! Mbona hukupiga simu?"

"Nilishaishika. Ningepiga, ungegeuka kuniangalia mimi. Halafu mbona ulikuwa unabonyeza kama unakanda unga? Taratibu, bwana."

Bi Tak alitolewa kwenye mashine maua ya masika yalipokwisha kupukutika. Sauti yake ya kwanza, iliyokwaruza, iliuliza nani alikuwa anamwangalizia duka. Mzee wa kitanda cha jirani hakupona, ingawa Ki-hwan hakukosea chochote. Siku hiyo alikaa ngazini akalia. Sun-ok alienda akaketi ngazi moja chini yake, akakaa naye hapo mpaka Ki-hwan mwenyewe alipoinuka.

Kesho yake likaja kundi jipya la madaktari. Sun-ok alikuwa amekaukiwa sauti, akamsogezea Ki-hwan kiti cha mbele.

"Anza wewe," akanong'ona. "Mimi nitakusahihisha."

Na alimsahihisha, tena mara nyingi.