Mpangaji Aliyebaki

Nyumba aliyotuachia marehemu mama, kule Kanazi, ndiyo iliyonifanya niitwe mwenye nyumba. Kabla ya hapo nilikuwa mpangaji wa miaka mingi mjini Biharamulo, tena mpangaji mlalamishi, niliyewahi kuandika makala kali kuhusu roho mbaya za wenye nyumba. Makala hiyo sikuwaonyesha wapangaji wangu.

Walikuwa mume na mke, bado vijana, mume seremala. Walikaa vizuri. Migomba ya mama waliipalilia kuliko nilivyowahi kuipalilia mimi. Lakini dada yangu alifiwa na mumewe, na shemeji zake hawakuchelewa kumwonyesha njia. Hakuwa na pa kwenda ila kwa mama. Nikawapa wapangaji notisi. Mume akaitikia, "Sawa, mzee." Mkewe akaendelea kupalilia migomba.

Siku ya makabidhiano nilikwenda na mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa rika la baba yangu, awe shahidi. Nilikagua nyumba kwa uzito wa ofisa wa serikali. Nilifungua madirisha, nikayafunga, nikagonga milango kana kwamba najua mlango mzima unavyolia.

"Na choo utakigonga?" mwenyekiti akaniuliza.

Nyuma ya jiko, katikati ya migomba, nikaona nyasi kavu zimelazwa vizuri, zimezungushiwa mawe. Nikasema, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba rundo lile liondolewe kabla hawajahama.

Mwenyekiti alivua kofia, nami nikawa wa mwisho kuelewa.

"Alizaliwa akiwa ameshakufa," mume akasema. "Masika ya mwaka jana. Tulipaswa kukuomba, mzee. Tuliogopa ungekataa."

Ningependa kuandika kwamba nisingekataa. Lakini kwetu kaburi lina nguvu kuliko hati. Aliyezika mahali ana neno juu ya mahali hapo, na ugomvi mwingi wa mashamba huanzia hapo: babu yetu amelala pale. Mume aliyajua hayo vizuri kuliko mimi.

"Ndiyo maana nasema mbele ya mwenyekiti," akaendelea. "Hatudai kitu hapa. Si leo, si kesho." Akamgeukia mkewe. "Sema na wewe."

Mkewe alikuwa amekalia godoro lililofungwa kamba, mlangoni kwa jiko.

"Sema, mama," mwenyekiti akamwambia kwa upole. "Ni maneno tu. Sema huna kitu katika kiwanja hiki."

"Siwezi."

"Gari linatusubiri," mumewe akamkumbusha.

"Kiwanja ni chake," mwanamke akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Nyumba yake, migomba yake. Lakini nikisema sina kitu hapa, nimesema sikuzaa."

Mume akageukia ukuta. Mwenyekiti akanitazama mimi.

"Asiseme," nikajibu hatimaye. "Inatosha."

"Haya," mwenyekiti akasema, akivaa kofia yake. "Watakaokuja kukuuliza ni ndugu zako, si mimi."

Mwanamke akapiga magoti kwenye nyasi, akazilaza upya kwa viganja, akinong'ona kwa Kirundi, lugha ya kwao. Nikasogea mbali. Kwa mara ya kwanza siku ile nilijisikia mgeni katika shamba la mama, na nilistahili.

Mume alishapanda juu ya mizigo, kwenye pikapu iliyokuwa ikiwapeleka Biharamulo kwa wazazi wake. Mwanamke alipofika mlangoni mwa gari, akasimama.

"Huyo dada yako, ana watoto?"

"Wawili. Bado wadogo."

Akafikiri kidogo.

"Waambie wasimwogope."

Nikamwambia nitawaambia. Dada ameshahamia. Watoto wake wanacheza nyuma ya jiko kila siku, wakiyaruka yale mawe, nami kila nikienda kuwaona narudi bila kuwaambia.