Figa la Mama

Lori la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini ndilo lililotuteremsha mpaka Milepa bondeni, mama akiwa mbele na dereva, mimi juu ya marobota yangu ya mitumba. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mwenye gari alishapewa ruhusa ya kununua mahindi anapotaka, na ghala la ushirika la pale kijijini likabakiwa na popo. Mimi nilikuwa nakwenda mnadani kuwauzia wafugaji makoti. Mama, mtu wa Mpui asiyependa hata kufika mjini, alikuwa anakwenda kuona mnyama.

Habari za mnyama nilimpelekea mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameliomba lile ghala, akapanga humo mifupa iliyogeuka mawe, aliyoiokota kwenye makorongo ya bondeni miaka nenda rudi. Mlangoni akaandika kwa chokaa: MAKUMBUSHO. Watu walimcheka. Na mimi nilimcheka, sikatai, mdomo ninao.

"Eti mkubwa kuliko tembo?" mama aliniuliza kila lori liliposimama kupoza breki. Nikamwambia mama, we subiri, utamwona.

Mwalimu alitupokea kama wageni wa serikali. Alikuwa amevaa tai. Tai, kwenye joto lile la Milepa! Akamwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili, akatupitisha meza kwa meza. Kila mfupa ulikuwa na kikaratasi chake. Alisema ni dinosaria, akawa anaipapasa mifupa ile kama mtu anayepapasa ndama wake, na nikajikuta nampenda yule mzee bila kutaka.

Tulipofika kwenye pingili za uti wa mgongo, mama akasimama. Moja ilikuwa nene, imebonyea kiunoni, ukubwa wa kigoda. Aliitazama mpaka nikadhani miguu inamuuma.

"Hili ni figa langu," akasema.

Nikacheka. Halafu nikaacha, maana ni kweli. Jikoni kwake Mpui yalikuwepo mafiga matatu, na moja lilikuwa hivyo hivyo. Baba alilibeba kwa baiskeli kutoka huku bondeni walipoanza maisha, kwa sababu, alisema, halipasuki kwa moto. Ugali wote wa utoto wangu ulipikwa juu yake.

"Mwalimu," mama akasema, "kwa hiyo nimepikia juu ya maiti?"

Mwalimu alikuwa amejaa furaha, wala hakumsikia vizuri. Akaanza kuuliza kama tungemwachia hilo figa. "Hebu ngoja kwanza, mwalimu!" nikamkatiza, kwa ukali ambao ulinishtua mwenyewe, kwa sababu nilimwona mama ameng'ang'ania ukingo wa meza.

Ndipo mama akasema mambo ambayo hajawahi kunisimulia. Kabla yangu alizaa wawili, wa kiume. Wote walikufa katika wiki moja. Majirani wakasema nyumbani kwake kuna kitu kinachokula watoto. Miaka yote ile alikuwa anakitafuta. Alichoma mikeka, akahamisha kitanda, akaziba mlango na kutoboa mwingine.

"Kumbe kilikuwa jikoni," akasema. "Nakichochelea moto kwa mkono wangu."

Mwalimu akavua tai. Akamketisha mama kwenye benchi, yeye akakaa chini sakafuni.

"Mama, waliugua nini?"

"Homa. Macho mekundu. Halafu vipele, mwili mzima."

"Ile ni surua, mama. Hata kwetu ilipita. Mama yangu alipikia mafiga ya hivi hivi, yote matatu, na tukakua tisa. Surua ilichukua mmoja. Jirani yetu alikuwa na mafiga ya udongo, ikamchukulia watatu."

"Na huyu hakuwa mtu?"

"Hakuwa mtu. Alikufa kabla mtu yeyote hajazaliwa. Hana ugomvi na wewe."

Mama alizitazama mezani zile pingili, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Kwa hiyo sikuwaua mimi."

"Hukuwaua, mama."

Mama yangu nilimjua kuwa mgumu. Msibani wenzake wakilia, yeye yuko nyuma anasonga ugali. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, na kuna siku nilimchukia kwa hilo, Mungu anisamehe. Siku ile, katikati ya mifupa, alilia kwa sauti, akiwaita wanawe kwa majina yao. Mimi majina hayo ndiyo kwanza nayasikia. Nikamkumbatia, na sisi sote tukalia, mwalimu naye akajifuta kwa ile tai.

Nje, dereva aliyekuwa akitusubiri alipiga honi, akapiga tena kwa hasira. Nikatoka nikamwambia azime gari, tumefiwa.