Viatu vya Gaspa

Mwanangu, wewe nakuamini kama rafiki yangu wa jumuiya, kwa hiyo hili nakwambia bila kuficha. Usipoelewa yote usijali. Hata mimi mpaka leo sijaelewa.

Nakumbuka ubaridi wa mwezi wa sita, manyunyu hayakatiki. Nilikuwa binti, sijaolewa, nawapikia wachimbaji kule Maposeni. Walikuwa wanafukua nyumba ya kale chini ya shamba la mahindi, na wataalamu walisema haikujengwa na binadamu. Walioijenga walishuka kutoka juu, hata babu zetu hawajafika huku. Ukuta wake si jiwe, si chuma. Vigoda vilikuwa na shimo katikati, sijui walikuwa wanakaaje. Kila nikipita nasali Salamu Maria.

Mlinzi alikuwa Gaspa, Mngoni wa kwetu. Mchimbaji mmoja, Saidi, Myao wa Tunduru, alikuwa mtani wake. Unajua utani ulivyo, hauna adabu. Jioni moja Gaspa akabeba jiko letu la mkaa akalale mle ndani, maana turubai lake lilivuja. Saidi akamwambia mbele yetu, "Mngoni wewe, ukifa humo viatu navichukua mimi."

"Chukua," Gaspa akajibu, "ila miguu yako ya Kiyao itavinukisha."

Tukacheka.

Asubuhi tukamkuta amekufa. Hana jeraha, jiko limezimika pembeni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kwa hiyo hakuna aliyewaza hewa ya mkaa. Basi, kauawa. Na nani? Si yule aliyetaka viatu? Mwanangu, sisi sisi tuliocheka jana ndio tuliomfunga Saidi kamba, tukamkalisha pale mlangoni. Wengine walisema polisi wasubiriwe. Wengine walishaanza kutaja petroli.

Polisi walichelewa, barabara ni tope tupu. Na maiti haiachwi peke yake. Tukaingia wanawake na rozari zetu, na kwa ile baridi Mama Skola, mpishi mkubwa wetu, akaingia na jiko lenye moto. Hatujafika mbali na sala, mlango ukaanza kujifunga. Polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hakuna aliyeugusa. Wanaume waliokuwa nje wakakimbia.

Saidi hakukimbia, angekimbiaje na kamba zile? Akalisukuma sururu kwa miguu yake, likakwama katikati ya mlango. Tukapita hapo kwa kujibana mmoja mmoja, tukalivuta na jiko nje. Chumba kilipopoa, mlango ukafunguka wenyewe.

Mama Skola akazikata kamba za Saidi kwa kisu cha jikoni. Nikamuuliza, "Mama, sasa nani kamuua Gaspa?"

"Labda nyumba ilimfungia mlango mgeni wake asipate baridi," akasema. "Mimi sijui, binti. Na asubuhi ningesema hivyohivyo, sijui, mtoto wa watu asingefungwa."

Nyumba inaweza kuua kwa ukarimu? Nimeliuliza hilo kwenye sala, sijajibiwa.

Siku ya maziko Saidi alisimama kaburini akadai viatu vyake, kama mtani. Mama yake Gaspa akavileta mwenyewe. Saidi akavivaa, vikambana, akajaribu kutania, akashindwa, akalia navyo miguuni.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Siku ile, mwanangu, masikio yetu ndiyo yaliponza kichwa cha mwenzetu. Neno la mzaha lisikie kama mzaha, hata baada ya msiba. Na jambo lisipoeleweka, liache halijaeleweka. Usitafute mtu wa kulijazia. Kusema "sijui" hakujamfunga mtu kamba.

Mungu akulinde na nyumba unazoingia usizozijua. Na ukisikia watu wameanza kumnyooshea mtu kidole, kaa nao kwanza uwasimulie habari ya viatu hivi.