Ramani Chini ya Mto wa Kochi

Likizo ile dada yangu na mimi hatukutoka nyumbani kwetu Mikindani. Baba, aliyekuwa karani bandarini, alikuwa ametuletea mashine ya gemu iliyokwisha tumika, na kaseti moja tu. Ndani yake mlikuwa na mpiganaji wa karate aliyekwenda kijiji hadi kijiji akimtafuta mwalimu wake aliyetekwa. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hivyo dada, aliyekuwa kidato cha pili, akawa anachora ramani kwenye daftari: hapa daraja bovu, ukuta huu upige teke mara tatu utafunguka. Mimi nacheza, yeye anachora.

Wiki ya pili akahamia kwetu ami, mdogo wake baba, aliyekuwa amekosana na mwenye nyumba wake kule Port Reitz. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Alilala sebuleni, na akiamka hukaa mbele ya televisheni na kikoi chake, shavu limemfura kwa miraa. Alijichokoa meno kwa kidole, kidole kikatoka na mate ya kijani, kisha akashika rimoti ya gemu. Akiiacha, vitufe vinanata. Dada alivipangusa kwa spiriti, na kila mara kitambaa kilitoka kijani.

"Mwacheni ami yenu," mama alisema. "Ana fikra nyingi."

Siku moja tulifika lango la mwisho. Mashine ile ukiizima unaanza upya, kwa hivyo tuliusimamisha mchezo tukaenda kuswali alasiri. Tuliporudi, ami amekalia kochi, rimoti mkononi, mpiganaji wetu ameshakufa.

"Mchezo wenyewe wa kipumbavu," alisema huku akitafuna. "Yuarukaruka tu."

Dada alilichukua daftari ili tuanze tena, akakuta kurasa za katikati zimechanwa. Alitafuta kila mahali, mwisho akainua mto wa kochi. Chini yake mlikuwa na vidonge vya karatasi, vingine vimelowa, vingine vimekauka vikagandamana na kitambaa. Alikifungua kimoja kwa ncha ya kalamu. Ndani mlikuwa na miraa iliyotafunwa, na pembeni mwa karatasi lile daraja alilolichora, wino umevujia kwenye mate. Sisimizi walikuwa wakiingia na kutoka. Dada alitapika pale pale mkekani.

Mama akaja mbio. Akatazama matapishi, kisha akalitazama kochi alilowakalishia wageni wake.

"Shemeji, hivi ni nini?"

"Takataka tu, shemeji. Nitaviondoa baadaye."

"Viondoe sasa. Kwa mikono yako."

Aliviokota kimoja kimoja, sisi tukimtazama, na hata wakati ule alikuwa bado anatafuna.

Baba aliporudi kutoka kazini alimwambia ami atafute pengine pa kukaa. Ijumaa akaondoka. Mama alilianika kochi juani siku tatu. Dada hakutaka tena hata kuiona ile mashine, na baba akaipeleka kwa jamaa zetu Bofu.

Idi iliyofuata ami alikuja kututazama. Alininyoshea mkono niubusu, kama ilivyo adabu kwetu.

"Shikamoo, ami," nilisema, mikono yangu nimeificha ndani ya leso niliyojitanda.

Mama aliniona, wala hakunikemea.