Sauti ya Kufukuzia Ndege

Enzi zetu, sisi tuliokulia Bujonde, filamu haikuangaliwa kimya. Katika banda la video pale Kyela mjini, huku harufu ya kakao iliyoanikwa nje ikituingia puani, mtafsiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akisema kwa niaba ya kila mtu: shujaa, adui, hata mbwa. Mtu akikohoa, yeye alitueleza kwa nini. Watoto wa leo wanaosoma maandishi chini ya kioo hawajui walichokosa.

Siku moja ilionyeshwa filamu ya watu waliopotea kati ya nyota. Injini ya chombo chao ilikuwa imekufa, taa zinazimika moja moja, ndipo mwanamke mmoja akavua kofia yake ya rubani na kuanza kuimba ili wenzake wasiogope. Ilikuwa opera, ingawa neno hilo hatukulijua. Sauti ilipanda, na pale tulipodhani imefika mwisho, ikapanda tena.

"Hapa jamani hata mimi sielewi," mtafsiri akasema. "Tusikilize tu." Akazima kipaza sauti. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

Dada yangu Tusekile alinishika mkono mpaka wimbo ukaisha.

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulipiga madebe, tukarusha udongo, tukapayuka mpaka makoo yakauka. Kesho yake Tusekile alipanda juu ya dungu la kulindia mpunga akauimba ule wimbo usio na maneno, kama alivyoukumbuka. Kweleakwelea wakainuka wote kwa pamoja, kama mkeka uliokung'utwa.

"Gwe Tuse! Ndaga fijo!" jirani yetu Mama Atupele akashukuru kwa sauti kutoka shambani kwake. "Imba tena, wahame na huku kwangu!"

Mwalimu wa kwaya, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama. Jioni alikuja nyumbani.

"Mzee, kuna mtu Mbeya anayefundisha sauti za namna hii. Niruhusu nimpeleke binti akasikilizwe."

Baba alimpenda Tusekile kuliko sisi wote. Akacheka kwa fahari. "Mwalimu, hiyo ni sauti ya kufukuzia ndege. Akienda, ndege nitawaimbia mimi? Tuvune kwanza."

"Atakwenda tu," mama akaongeza. "Mbeya haihami."

Mbeya kweli haikuhama. Aliyehama ni mwalimu. Uhamisho wake ulimkuta kabla hatujamaliza kuvuna. Tusekile alikuwa ameshafua gauni la safari. Lilikaa kwenye kamba mpaka mama akalianua mwenyewe.

Mwalimu mpya wa kwaya alimwambia apunguze sauti, anawafunika wenzake. Akapunguza. Akaendelea kupunguza, mwaka hadi mwaka, mpaka ikabaki ya kuitia kuku.

Siku hizi vijana wanaimba, kompyuta inawapigia sauti pasi kama shati la shule. Majuzi nilikuwa nyumbani kwa dada, na binti yake Neema alikuwa akisikiliza bongo fleva mpya kwenye simu. Nyuma ya ngoma kulikuwa na sauti ya kike ya opera.

"Mama yako alikuwa anaimba hivyo," nikamwambia.

"Mama huyu?" Akaangua kicheko.

"Mjomba wako ana maneno ya vitabu," dada akasema, akiendelea kupepeta mchele.

"Haya mjomba, alikuwa anaimbaje?"

Nikajaribu. Sauti yangu ilipanda kidogo tu, ikakatika. Neema hoi kwa kicheko, akainua simu anirekodi. Nikajaribu tena, nikikohoa katikati. Dada akaacha kupepeta. Midomo yake ikafunguka kidogo, kama mtu anayetaka kunirekebisha pale nilipokosea. Nikanyamaza nimsubiri.

Akatazama mchele, akaokota chuya moja, akaitupa.

Enzi zetu sauti ilikuwepo, simu haikuwepo. Sasa simu ipo, na ndani yake nimo mimi, nakohoa.