Chumba cha Nyuma Kabisa

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Mama Mkubwa hufungua dirisha, huweka kikombe cha chai ukingoni, na kuutazama ukuta wa ghala. Hautazami kama mtu aliyeduwaa. Anautazama kama unavyomtazama jirani ambaye hamsemeshani lakini unataka kujua leo ameamkaje. "Kile kiraka kimeongezeka," ataniambia. Au: "Mvua ya jana imemchora mtu mwenye nundu." Halafu anamaliza chai, anakaa, anaanza kola.

Kola ndiyo kazi yake. Anashona sare za shule, na mafundi wengine wa mtaani humletea mashati yao awawekee kola, kwa sababu za kwake hazipindi masikio zikifuliwa. Mimi nashona vifungo. Mama yangu ni mdogo wake. Shule iliponikatikia mapema nililetwa hapa, nikapewa sindano na kopo la vifungo, na tangu hapo nimekaa kwenye kigoda upande wa pili wa meza ya kukatia, mahali ambapo mtu husikia kila kitu na hakuna anayemuuliza neno.

Ukuta ule uko karibu kiasi kwamba ukinyoosha fagio dirishani unaugusa. Aliyemfikisha Mama Mkubwa mbele yake ni mumewe. Baba Mkubwa ni dalali wa nyumba. Mtaani wanamwita Hewa Safi, kwa sababu hajawahi kuonyesha chumba kisichoingiza hewa safi. Paa likiwa na tundu, kinaingiza hewa safi. Dirisha likiwa halina kioo, ndiyo kabisa. Chumba kilichobanana na baa ni mahali pamechangamka, na cha ghorofa ya mwisho kisicho na lifti ni kizuri kwa moyo. Walipooana alimwambia bibi harusi amepata nyumba ya madirisha mawili, mbele pametulia. Hakudanganya, ukuta hauna maneno. Baadaye sana ndipo Mama Mkubwa alipojua kwamba ile ndiyo nyumba pekee iliyomshinda mumewe kuipangisha, akaamua kujipangisha mwenyewe. "Tunakaa kidogo tu," alimwambia. Binti yao alizaliwa humo, akasoma humo, akawa muuguzi, akaenda kufanya kazi ng'ambo, na kidogo hicho bado hakijaisha.

Ni huyo binti aliyepiga simu mchana mmoja tukiwa kazini, akasema amewalipia wazazi wake safari ya wiki nzima kwenye meli ya matembezi, ile yenye ghorofa kama hoteli. Chumba chao kitakuwa na roshani, mtu anakaa nje anaitazama bahari bila kukanyagwa na yeyote. Kilichobaki ni kuchagua kipi. "Mama achague," alisema. Simu ilikuwa kwenye spika, wote tulisikia.

Mama Mkubwa aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, likasimama.

"Mbele ya hiyo roshani kuna nini?"

"Maji, mama. Maji mpaka macho yachoke."

"Hakuna kitu kingine?"

"Kitu gani tena katikati ya bahari?"

"Basi nitaenda," alisema, kama mtu aliyebembelezwa kwa muda mrefu. Lakini kola aliyokuwa anaishona siku hiyo ndiyo pekee niliyowahi kumwona akiifumua. Alikuwa ameishona kinyume.

Baba Mkubwa alingoja simu ikatwe. "Habari ya chumba niachie mimi," alisema. "Mimi siingilii kola zako."

Kesho yake alirudi na karatasi kubwa kutoka ofisi ya wakala wa safari. Ilikuwa ramani ya meli, ghorofa baada ya ghorofa, kila chumba ni kisanduku chenye namba. Akaitandaza mezani juu ya mashati ya watoto wa watu, akachukua chaki yetu ya kukatia na kuanza kuviondoa kimoja kimoja.

"Hiki kiko karibu na lifti, watoto watapanda na kushuka mpaka tuchanganyikiwe. Hiki juu yake kuna jiko, alfajiri wataburuta masufuria. Hiki chini yake kuna ukumbi wa muziki. Na hiki wameandika, 'kwa wapenda maisha ya usiku.' Huyu ni mwenzangu. Maana yake hulali."

Alikuwa na furaha. Alisoma yale matangazo kama mganga anayenusa dawa za mganga mwenzake. "'Chumba cha kupendeza, kila kitu kiko karibu.' Umeona? Ukikaa kitandani, magoti yanafungua mlango."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, futi shingoni. Akanyoosha mkono akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja, mwisho kabisa wa meli, pale kwenye pembe. Roshani yake ilikunja kona, ikawa na bahari ubavuni na bahari nyuma.

"Hiki."

Baba Mkubwa akacheka kwa huruma. "Cha nyuma? Mama watoto, nyuma ya nyumba huwekwa choo."

"Hii si nyumba."

"Kitu chenye mlango na mpangaji ni nyumba. Huko nyuma ndiko kwenye mashine. Kutatikisika. Chai yako nusu utakunywa wewe, nusu itakunywa gauni."

"Nitashika kikombe kwa mikono miwili."

"Hebu kashone," alisema, si kwa ubaya. Ni ile sauti anayowajibia wapangaji wakimuuliza maji yanatoka siku zipi.

Siku ya kwenda kutoa jibu alinichukua nimbebee ramani. Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye feni inayolalamika na picha za fukwe ukutani. Baba Mkubwa hakukaa kwanza. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akamwambia binti wa mezani, "Hapa waliweka mchanga mwingi." Ndipo akakaa.

"Funguo ziko hapa?"

"Funguo za nini, mzee?"

"Za vyumba. Twende tukavione. Mimi sichukui chumba kabla sijalala humo kidogo, macho juu, nikisikiliza."

"Meli iko safarini, mzee. Inarudi siku ile ile mtakayopanda."

"Ina watu?"

"Imejaa."

"Huyu aliyemo humu," akagusa kisanduku, "anatoka kwa nini?"

"Safari yake itakuwa imeisha."

"Wote husema hivyo. Ana ugomvi na jirani?"

Yule binti alisema hajui. Baba Mkubwa akauliza anayekaa juu ni mtu wa aina gani, kama ana mtoto anayejifunza ngoma, na kama mwenye meli ni mtu wa kusikiliza au ni wa kupitia kwa msimamizi. Binti alijibu yote. Alikuwa na subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi.

Mwishowe wakabaki na chumba kimoja cha katikati ya meli. Kulia kwake kuna stoo ya mashuka, kushoto kuna ngazi ya wahudumu, juu na chini ni vyumba vya kulala tu.

"Ila hiki, mzee, roshani yake ina kizuizi," alisema binti. "Mbele imening'inizwa boti ya kuokolea watu. Bahari mtaiona kidogo kwa juu na kidogo kwa chini."

Uso wa Baba Mkubwa ukachanua. "Boti iko mlangoni kwangu?"

"Mbele kabisa."

"Wewe unaona kizuizi, mimi naona usafiri. Andika."

Hajui kuogelea. Hata mfereji wa mtaani anauvuka akiwa amekunja suruali.

Nyumbani alitangaza kabla hajavua viatu. "Tumepata. Chumba cha katikati, kimya pande zote. Majirani ni mashuka."

"Nikikaa kwenye roshani, mbele naona nini?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Kuna kivuli kizuri sana."

Mama Mkubwa akaondoa mguu kwenye pedali. Ameishi na lugha hiyo tangu harusi, anaielewa kuliko mpangaji yeyote.

"Kivuli cha nini?"

"Cha kitu cha usalama."

"Mzee."

"Aa, mbele pametulia," alisema Baba Mkubwa, na nafikiri hata yeye aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Mama Mkubwa akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Mbele kuna nini?"

"Boti."

"Inapita au imekaa?"

"Imekaa. Imening'inia."

"Rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Angalau wamepaka rangi," alisema, akarudi kwenye kola.

Baba Mkubwa alikula vizuri siku hiyo. Alidhani yamekwisha.

Kesho yake Mama Mkubwa alijipukuta nyuzi kwenye gauni, akachukua mkoba, akasema anakwenda kununua uzi. Droo yetu ilikuwa haifungi kwa wingi wa uzi. Alirudi bila uzi, akapika, akafua, hakusema kitu. Aliyesema ni yule binti wa ofisini, aliyepiga simu kuhakikisha majina: mama amebadilisha, sasa wako kwenye kile cha pembeni, cha nyuma kabisa, na yeye anawapongeza kwa kuwa kilikuwa kimebaki kimoja tu.

Baba Mkubwa aliweka simu mezani taratibu, kama yai.

"Nusu ya mji huu imelala nilipoionyesha mimi," alisema. "Majaji, mapadri, masheikh. Leo mke wangu wa ndoa ananitoroka kwa ajili ya chumba?"

"Sijakutoroka. Nimepata dalali mwingine."

"Sasa nisikilize. Chumba ambacho sikukichagua mimi, silali. Ama urudishe kile cha katikati, ama uende peke yako."

Mama Mkubwa alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake. "Waliniuliza kama kitanda kiwe kimoja au vitenganishwe viwe viwili," alisema. "Nikawaambia wangoje kwanza."

Baba Mkubwa hakuwa na wasiwasi. Tangu waoane mkewe hajalala mahali bila yeye, isipokuwa wodi ya wazazi, na hata huko alimfuata akagonga ukuta na kumwombea ahamishwe kitanda. Alijua kwamba siku itafika, mama wa watu ataangalia lango la bandari na ngazi ya meli na wageni wote wale, atasema haya, yaishe, rudisha cha katikati. Kwa hiyo akawa anangoja. Alingoja kwa sauti. Kila mteja aliyeingia alielezwa jinsi nyuma ya meli inavyotikisika kama mkia wa mbuzi. Seremala, jirani yetu, alikuja kupatanisha.

"Mama, kwani hiyo boti ina ubaya gani?"

"Haina ubaya," alisema Mama Mkubwa. "Mchukue mwenzio mkakae mbele yake."

Seremala akakumbuka ameacha gundi motoni.

Mama Mkubwa hakuwa anagombana. Alikuwa anashona. Kola za shule zikiisha alikuwa akichomoa kitambaa cha bluu kutoka chini ya meza na kushona gauni lake mwenyewe, refu, pana, lisilo na kola. Aliponipa nishone vifungo aliniambia nisiweke vingi, anataka kitu cha kuvaa bila kufikiri.

Baba Mkubwa alinivizia uani. "Amepanga nguo?"

"Amepanga."

"Na zangu?"

"Ziko kabatini."

"Anangoja nimwombe."

"Nafikiri anangoja uzipange."

Akanitazama kana kwamba kigoda ndicho kilichosema.

Siku ya safari teksi ilikuja mapema. Baba Mkubwa alikuwa amekaa sebuleni na fulana ya ndani, redio mapajani, anasikiliza bei za mazao, yeye ambaye hana hata bustani. Mama Mkubwa alitoka chumbani na gauni la bluu. Akasimama mbele yake.

"Shati lako nimelipiga pasi. Liko kwenye msumari wa mlango. Dereva amesema anaweza kusubiri."

"Silali nyuma."

"Chumba ni kikubwa, mzee. Wewe unaweza kulala upande wa mbele wa nyuma."

Nilidhani atacheka. Mdomo wake ulishaanza. Lakini akaongeza sauti ya redio, mahindi yakapanda bei.

"Haya," alisema Mama Mkubwa. Akaniambia kola za shule ya wasichana zitachukuliwa Jumatano na nisikaze vifungo sana, watoto wananenepa. Akamwambia mumewe chakula kiko kwenye sufuria ya bluu. Nikambebea sanduku mpaka kwenye teksi, akaingia nyuma, akashusha kioo chote mpaka chini.

Niliporudi ndani Baba Mkubwa alikuwa amesimama kando ya cherehani, anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Miwani ya Mama Mkubwa ilikuwa pale juu, imekunjwa vizuri.

"Umeona? Ameisahau. Hafiki hata kwenye kona. Bila hii haoni kijiko." Akachukua shati msumarini, akalivaa, ili mkewe asimkute kifua wazi. "Usifunge mlango."

"Hiyo ni ya karibu, Baba Mkubwa."

"Nini?"

"Miwani. Ni ya kushonea. Akitazama mbali huwa anaivua."

Alikuwa anafunga vifungo, akaanza tena kutoka juu. Nje teksi ilipiga honi kumwondoa mtu njiani, ikabadilisha gia, ikakunja kona ya kuelekea bandarini.

"Acha mlango wazi hivyo hivyo," alisema.

Niliuacha.